Mkopo wa asilimia kumi kwa kikundi cha sanaa Dar es Salaam: mwongozo kamili, kuanzia katiba hadi marejesho

Wachapa batiki, wachoraji, wachonga vinyago, wapiga ngoma na vijana wa studio mmekuwa mkileta lalamiko lile lile: "Tulipeleka maombi manispaa, tukaambiwa andiko letu halijakidhi." Ukilisoma andiko lenyewe, mara nyingi kurasa nne zinaeleza uzuri wa sanaa na mistari miwili tu inagusa fedha. Afisa anayelipokea hapimi kipaji. Anataka kujua hela itatoka wapi kila mwezi ili irudi.

Tuelewane mapema: huu ni mkopo, si ruzuku. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, na hilo ndilo linaloufanya uwe bora kuliko "kausha damu" yoyote ya mtaani, ile mikopo ya riba kali. Lakini unarudishwa wote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda ofisini

Kusanya hivi kwanza. Ukienda mikono mitupu utapewa orodha, utarudi, utaambiwa bado kimoja, na dirisha la maombi litafungwa ukiwa kwenye daladala.

- Kitambulisho cha Taifa cha kila mwanachama, au namba ya NIDA kama kadi haijatoka.
- Katiba ya kikundi iliyosainiwa na wanachama wote.
- Muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba mkopo, wenye kiasi na saini za waliohudhuria.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.
- Cheti cha usajili wa kikundi kutoka halmashauri.
- Akaunti ya benki kwa jina la kikundi.
- Daftari la mapato na matumizi, pamoja na taarifa za miamala ya simu.
- Andiko la mradi na proforma za vifaa, yaani karatasi za bei kutoka dukani.
- Picha za kazi zenu na za mahali mnapofanyia.
- Usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kwa kazi za sanaa, au kibali husika cha Bodi ya Filamu kwa wanaotengeneza filamu.

Weka nakala mbili za kila karatasi, moja ibaki kwa katibu.

## Hatua ya 1: Jua halmashauri yako ni ipi

Dar es Salaam ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (ndiyo Ilala ya zamani, ilipandishwa hadhi mwaka 2021), na Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja ina fungu lake na foleni yake.

Hapa wasanii wa mji huu hunaswa kirahisi. Kikundi kinafanya mazoezi Mikocheni, mwenyekiti anakaa Gongo la Mboto, mhazini yuko Mbagala. Hizo ni halmashauri tatu tofauti. Mkopo unaombwa pale kikundi kilipo na kinapofanya kazi, na afisa wa kata lazima aweze kuwatembelea na kuwatambua. Kama wanachama mmetawanyika hivyo, amueni mtaa mmoja uwe makao, na wanachama wawe watu wanaoishi au wanaofanya kazi humo. Vinginevyo barua ya mtaa haitapatikana, na ikipatikana kwa kubembeleza, itawaumbua siku ya ukaguzi.

Nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, si moja kwa moja makao makuu. Yeye ndiye anayeanza kupokea maombi na ndiye atakayekuja kuwaona. Muulize mambo matatu: dirisha linafunguliwa lini, ukomo wa umri wa vijana kwa sasa ni miaka mingapi, na maombi yanaingizwaje kwenye mfumo wa Wezesha unaosimamiwa na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Kama mko chini ya Jiji, ongeza swali la nne: benki inahusika vipi? Utaratibu wa mwaka 2024 uliliweka Jiji la Dar es Salaam kwenye kundi la halmashauri kumi za kujaribu kutoa mikopo kupitia benki, kwa hiyo mlango wa jirani yako wa Temeke huenda si mlango wako.

Utajua umefaulu ukiwa na jina la ofisi, siku ya kurudi na fomu, au maelekezo ya mfumo, mkononi.

## Hatua ya 2: Unda kikundi kinachostahili

Kanuni zilizotungwa mwaka 2019 na kurekebishwa baadaye zilishusha idadi ya chini ya wanachama kutoka kumi hadi watano kwa wanawake na vijana. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba hata akiwa peke yake. Wanachama wawe raia wenye miaka 18 na zaidi, wasiokuwa na ajira rasmi, na wasiwe kwenye kikundi kingine kinachonufaika na mkopo huo huo.

Kuna watu wataumia hapa, na ni bora wajue sasa. Fundi wa kiume mwenye miaka 52 anayechonga vinyago Mwenge hahesabiwi kijana na si mwanamke. Kama hana ulemavu, fungu hili si lake. Msimwingize kikundini kwa jina la mtoto wake. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa kuibuliwa kwenye kaguzi, na iliporudi mwaka uliofuata uhakiki uliongezwa makali. Jina la kuazima ndicho kitu cha kwanza kinachotafutwa.

Epukeni pia kikundi cha mume, mke, shemeji na watoto. Hata kama mnafanya kazi kweli, kinasomeka kama mradi wa nyumba moja.

### Katiba isiwe ya kunakili

Katiba nyingi zinazozunguka steshenari za mitaani zimetoka kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Ndani mna faini za kuchelewa kikao na utaratibu wa msiba, ila hakuna neno hata moja kuhusu kazi za sanaa. Kikundi cha sanaa kinahitaji vifungu vitatu zaidi, na kila kimoja kina ugomvi wake unaokisubiri.

Kwanza, kazi ni ya nani. Tuseme mwanachama wenu Neema akichora muundo wa batiki ukauzika sana, je, muundo ni wake au wa kikundi? Akiondoka, anaondoka nao? Andikeni. Wanamuziki waandike mgao wa hakimiliki kwa kila wimbo, na kazi ziandikishwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina yanayolingana na makubaliano hayo.

Pili, vifaa vilivyonunuliwa kwa mkopo vinakaa wapi na nani anaruhusiwa kuvitoa. Kamera ndiyo kifaa kinachoongoza kwa kupotea kwenye vikundi vya video. Inaazimwa kwenda kupiga harusi ya binamu Kibaha, inarudi bila lenzi. Weka daftari la kutoa na kurudisha, na anayeitumia kwa kazi binafsi alipe kikundi.

Tatu, anayetoka anawajibika vipi kwa deni. Mkopo ni wa wote. Mmoja akihamia Arusha, waliobaki watalipa sehemu yake isipokuwa katiba imesema vinginevyo.

## Hatua ya 3: Usajili

Usajili wa kikundi unapitia kata na kuishia halmashauri. Peleka katiba, muhtasari, orodha ya wanachama na barua ya mtaa. Jina la kikundi liandikwe herufi kwa herufi sawa kwenye karatasi zote. "Upendo Batiki Group" kwenye cheti na "Kikundi cha Upendo Batiki" benki ni watu wawili tofauti machoni pa mfumo, na kurekebisha kunachukua muda mrefu kuliko kuanza upya.

BASATA inaandikisha wasanii na vikundi vya sanaa. Msione ni urasimu wa ziada: cheti chake kinamwonyesha afisa kuwa kazi yenu ni shughuli inayotambulika, maana wapo ambao kwao cherehani na kuku ni biashara lakini ngoma ni starehe. Kikundi kinachouza kwenye fremu au duka kiulizie leseni ya biashara, ambayo siku hizi inaombwa kupitia mfumo wa TAUSI, na TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA.

Onyo: nje ya ofisi nyingi wapo vishoka. Kishoka atakwambia anamjua bosi, umpe elfu hamsini aisukume faili. Malipo halali ya serikali huja na namba ya malipo, ile wanayoiita kontroo namba, na risiti. Kisicho na namba hiyo usilipe. Ukiombwa rushwa na mtumishi, TAKUKURU wanapatikana kwa 113 bila malipo.

## Hatua ya 4: Akaunti na kumbukumbu

Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wasiopungua wawili kwa kila muamala. Kisha itumieni. Akaunti iliyofunguliwa Jumatatu na kupelekwa kwenye maombi Ijumaa, ikiwa na salio la kufungulia tu, inasema kikundi kimezaliwa kwa ajili ya mkopo.

Fedha za sanaa Dar zinapita kwenye simu. Mteja analipa batiki kwa M-Pesa ya katibu, bendi inalipwa taslimu usiku baada ya shughuli, na mwezi ukiisha hakuna anayejua jumla. Chukueni Lipa Namba ya kikundi, wateja wote walipe hapo. Ndani ya miezi mitatu mtakuwa na taarifa ya miamala inayoweza kuchapishwa, na hiyo ina uzito kuliko daftari lililoandikwa lote kwa kalamu moja usiku mmoja. Afisa anautambua wino wa usiku mmoja.

Wapiga ngoma na bendi: ombeni karatasi ya makubaliano kwa kila shughuli, hata ya nusu ukurasa, yenye tarehe, ukumbi, kiasi na saini. Hoteli na kumbi zitatoa bila shida. Kwa harusi za mtaani, ujumbe wa simu wa mwenyekiti wa kamati unaotaja kiasi unafaa; uchapisheni.

## Hatua ya 5: Andiko la mradi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tukae.

Historia ya kikundi iwe aya moja. Utamaduni wa Mtanzania, vipaji vya vijana na ndoto za kwenda kimataifa, acha. Anza na mnachouza, kwa nani, kwa bei gani, na kitu gani hasa kinawazuia kuuza zaidi. Kizuizi hicho ndicho mkopo unakuja kukiondoa. Kama hamwezi kukitaja kwa sentensi moja, bado hamjawa tayari kukopa.

Tuchukue kikundi cha mfano cha wanawake sita wa batiki Temeke. Bei hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Wewe weka zako.

Gharama ya pisi moja: kitambaa 12,000, rangi na kemikali (kostiki na haidro) 4,000, nta na gesi 2,000, mfuko na usafiri 2,000. Jumla 20,000. Wanauza kwa jumla 30,000. Kila pisi inabakiza 10,000.

Hali ya sasa: wanatoa pisi 60 kwa mwezi, kwa hiyo 600,000. Wanalipana ujira wa 5,000 kwa pisi, yaani 300,000. Kodi 150,000, maji na umeme 40,000. Kinabaki 110,000.

Usiruke ujira. Maandiko mengi yanaonyesha faida nono kwa sababu yamejifanya wanachama hawali. Mwezi wa tatu wanachama wanakula marejesho.

Kizuizi: jiko moja na meza mbili. Oda zinakuja, ila nta haipati moto wa kutosha na vitambaa vinapanga foleni.

Kinachoombwa: meza nne 600,000; jiko la gesi na mitungi 500,000; masufuria makubwa 300,000; tanki la maji 200,000; majora ya kitambaa 2,600,000; rangi na kemikali 500,000; glavu, barakoa na viatu vya mpira 100,000. Jumla 4,800,000.

Ile laki moja ya glavu msiione ndogo. Kostiki inaunguza ngozi, na afisa aliyewahi kuona kazi hiyo ataona kwamba mnaijua.

Baada ya mkopo: pisi 120 kwa mwezi, 1,200,000. Ujira 600,000, kodi 150,000, maji na umeme 60,000. Kinabaki 390,000. Mkikubaliana miezi 24, rejesho ni 200,000 kwa mwezi na mnabaki na 190,000.

Wengi wanaishia hapo. Msiishie. Andikeni mwezi mbaya: masika yameanza, vitambaa havikauki, wateja hawatoki, mmeuza pisi 70 tu. Zinaingia 700,000, ujira 350,000, kodi 150,000, maji na umeme 60,000, kinabaki 140,000. Rejesho ni 200,000. Pengo ni 60,000. Masika ya Machi hadi Mei yakiwa mabaya miezi yote mitatu, pengo ni 180,000, ambalo salio la mwezi mmoja mzuri linaliziba. Kwa hiyo andikeni wazi: salio la Januari haligawanywi, linalindwa kwa ajili ya masika.

Kila sanaa ina masika yake. Kwa bendi za harusi ni Ramadhani, ambapo kumbi zinanyamaza kisha baada ya Idi kazi zinafuatana. Wauza vinyago na picha za Tingatinga wanategemea watalii, wanaoongezeka Juni hadi Oktoba, na wengi hutega maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Aliyeonyesha msimu wake kwenye jedwali anaonekana ameshakaa sokoni, na anaweza kujenga hoja ya ratiba ya marejesho inayofuata msimu huo.

Dalili ya andiko zuri: mpe mama lishe wa jirani alisome. Akikuuliza kuhusu bei ya kitambaa, limekaa sawa. Akikuuliza "sasa ninyi mnauza nini?", rudi mwanzo.

## Hatua ya 6: Proforma

Kila kifaa kwenye jedwali kiwe na proforma kutoka duka halisi, lenye TIN na linalotoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Chukua mbili au tatu kwa kifaa kikubwa. Bei za proforma na za andiko zilingane hadi shilingi ya mwisho; tofauti ya elfu kumi tu inatosha kurudisha faili.

Wa studio, msiandike "vifaa vya studio 5,000,000". Andikeni maikrofoni, kiunganishi cha sauti, spika za kusikilizia, kompyuta, kila kimoja na bei yake. Na msiombe fedha za kurekodi albamu au kupiga video moja. Kazi hiyo inaweza kulipa au isilipe, na mkopo hausubiri wimbo ushike chati. Ombeni vifaa vitakavyokodishwa na wengine pia.

## Hatua ya 7: Kuwasilisha na kutembelewa

Wasilisha mapema, siku za mwanzo za dirisha, na hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huna ushahidi kuwa ulipeleka. Kama maombi ni ya mfumo, piga picha ya ukurasa unaoonyesha hali ya ombi.

Kisha mtatembelewa. Wageni wanataka kuona kazi ikiendelea, malighafi, bidhaa zilizokamilika, daftari, na wanachama wenyewe. Wataweza kumuuliza yeyote, si mwenyekiti pekee: mnaomba kiasi gani, mtarejesha kiasi gani kwa mwezi? Kikundi ambacho mwanachama wa tano anajibu "muulize mwenyekiti" kimejichuja. Kaeni kikao kimoja kabla, kila mtu azijue namba tatu: mkopo, rejesho, salio.

Kama mnafanyia kazi nyumbani kwa mtu, muwe na mkataba wa pango au barua ya mwenye nyumba. Kikundi cha ngoma kisichokuwa na karakana kiwaite wageni siku ya mazoezi, ngoma na mavazi yawepo.

## Hatua ya 8: Mkataba, fedha na marejesho

Someni mkataba kwa sauti, wote mkiwepo, kabla ya kalamu. Angalieni tarehe ya rejesho la kwanza, muda wa neema (wa kusubiri kabla ya kuanza kurejesha) kama upo, na adhabu ya kuchelewa. Ombeni nakala.

Fedha ikiingia, nunueni kilichoandikwa. Bei ikipanda dukani na mkalazimika kubadili, mwandikieni Afisa Maendeleo ya Jamii kabla ya kununua, siyo baada. Tunzeni risiti zote za EFD kwenye faili moja, watakuja kuziangalia. Mgawanyo wa fedha taslimu kwa wanachama "tujikimu kwanza" umeua vikundi vingi kuliko soko baya.

Lipeni kwa namba ya malipo ya serikali tu, kamwe msimkabidhi mtu fedha mkononi. Mwezi ukiwa mgumu, nendeni ofisini kabla ya tarehe, na daftari mkononi. Anayejitokeza anasikilizwa. Anayezima simu anafuatwa na mtendaji.

## Mkikataliwa

Ombeni sababu kwa maandishi. Ikiwa ni karatasi, rekebisheni na mjiandae kwa dirisha linalofuata. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, hivyo ulizeni ratiba mapema. Ikiwa ni hesabu, ombeni kiasi kidogo. Kikundi chetu cha mfano kingeweza kuanza na jiko, meza na kitambaa kidogo kwa 2,400,000, na rejesho la laki moja kwa miezi 24.

Ikiwa sababu ni umri au aina ya kikundi, kama yule fundi wa Mwenge, kuna milango mingine. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo kwa wasanii kupitia benki. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ina ofisi Vingunguti na husaidia wazalishaji wadogo kwa mafunzo na mikopo. Ruzuku zenyewe, zile zisizorudishwa, hutolewa kwa misimu na taasisi za utamaduni na balozi. Matangazo yake hubandikwa na kusambazwa sehemu kama Nafasi Art Space kule Mikocheni na Alliance Française Upanga. Andiko mliloliandaa Hatua ya 5 litahitaji kuongezewa sehemu ya sanaa yenyewe, maana huko kipaji kinapimwa, lakini jedwali la fedha litatumika karibu lilivyo.